Lenzi ya kubana kwenye simu: inafaa kwa wadudu wa bustani?

Kwa vidukari walioganda chini ya jani la sukuma, lenzi hii ni pesa iliyotumika vizuri. Kwa kipepeo ni hasara: ukimkaribia kiasi inachotaka lenzi, ameshahamia kwa jirani.

Ni zile ndogo za kibanio utakazozikuta kwenye maduka ya vifaa vya simu Kampala. Namba ya ukuzaji kwenye boksi, 15x au 20x, usiitegemee. Anayelalamika kwamba haioni kitu mara nyingi hajaifungua: zile za bei nafuu huja na vioo viwili vilivyoungana. Kile kikubwa cha mbele ni cha mandhari. Kizungushe kitoke, kidogo kinachobaki kwenye kibanio ndicho cha wadudu.

Simu ikiwa na kamera tatu, ziba mojamoja kwa kidole, ile inayotia giza skrini ndiyo ya kubania lenzi. Vua kava nene, la sivyo lenzi hukaa upande na nusu ya picha huwa ukungu. Zima pia hali ya simu kujibadilishia kamera ikisogelea kitu. Pembe zikibaki nyeusi, vuta hadi 2x.

Mtihani ni umbali. Picha hutulia sentimita 2 au 3 tu kutoka kwa mdudu, na kinachoonekana wazi ni utepe mwembamba. Mkono ukitetemeka kidogo, macho ya mdudu yamepotea. Shika jani kwa mkono mmoja, egemeza juu yake mkono wenye simu, upepo ukija vyote vitikisike pamoja. Kisha sogeza simu polepole huku ukipiga mfululizo. Kibanio huziba flashi, basi weka karatasi nyeupe upande wa pili irudishe mwanga. Saa moja asubuhi, kabla jua halijawachangamsha, wengi wametulia.

Kwenye kutambua ndipo inapolipa. Kiwavi wa mahindi mpige kichwa na sehemu ya nyuma. Y iliyopinduliwa usoni na madoa manne meusi yenye umbo la mraba karibu na mkia ni kiwavijeshi vamizi. Kwa kiwavi mchanga sana alama hizo hazijakolea. Kidukari ana vijirija viwili nyuma ya tumbo. "Nyuki" mwenye antena fupi mno na macho makubwa huenda ni nzi wa maua. Ana mabawa mawili, nyuki manne, lakini nyuki akiyakunja huwezi kuyahesabu. Mabuu ya nzi hao wengi hula vidukari, kwa hiyo weka bomba la dawa chini kwanza.

Ukipakia iNaturalist, programu ya kurekodi na kutambua viumbe, rekodi moja iwe na picha za juu, ubavu na kichwa, pamoja na mmea mzima bila lenzi. Programu ikitaja spishi ambayo alama zake hazionekani pichani, ishia kwenye jenasi, kundi la juu ya spishi.

Vunjajungu haenei humo. Senene naye hahitaji lenzi, anahitaji kikaango.

Vumbi lipulize kabla ya kufuta. Shati hukwaruza kioo.