Tahadhari: mpira wa mafuta wenye chapa ya R9 ya kughushi unauzwa Mbeya na Iringa

Nawatahadharisha wamiliki wa magari na mafundi wa Mbeya, Makambako na Iringa, hususan wale walioondoa injini ya kabureta wakafunga ya EFI, yaani inayopuliziwa mafuta kwa udhibiti wa umeme, na sasa wanaliandaa gari kwa ukaguzi, kuhusu muuzaji anayepita gereji hadi gereji kati ya Mwanjelwa na Uyole akiuza kwa mita mpira wa mafuta, ule wa kupitisha petroli kwenda kwenye injini. Wateja wa mbali huwatumia mzigo kwa basi baada ya kulipwa kwa simu. Simtaji jina, kwa kuwa mali hiyohiyo inaweza kukufikia kwa mkono mwingine kabisa.

Mpira wenyewe ni mweusi, na umeandikwa kwa rangi nyeupe SAE J30 R9, yaani daraja la mpira uliotengenezwa kuhimili mafuta ya EFI. Ulifika gerejini kwetu ukiwa umefungwa kwenye Hilux iliyotolewa injini ya kabureta ya 22R ikawekwa ya EFI ya 3RZ, na mwenye gari alilalamikia harufu ya petroli tu. Nilipoupangusa kwa kitambaa chenye petroli, maandishi yote yalibaki kwenye kitambaa. Nilipoukata kwa wembe, sikuona utando mwembamba wa ndani unaotofautiana na mpira wa nje, ambao R9 halisi huwa nao. Ulikuwa mpira wa aina moja kuanzia ndani hadi nje, wenye nyuzi chache zilizolegea katikati, mfano wa mpira wa kumwagilia bustani. Kipande tulichokilaza kwenye petroli usiku kucha kilivimba hata kikakataa kuingia kwenye nipo yake, yaani ncha ya bomba inayovikwa mpira.

Pampu ya kabureta husukuma mafuta kwa mgandamizo usiofika hata nusu ya bar moja (bar ni kipimo cha mgandamizo), kwa hiyo mpira wa daraja la chini, R6 au R7, unaitosha. EFI ya injini kama hiyo hufanya kazi kwa karibu bar 3 muda wote injini inapowaka, na hapo ufa mdogo haudondoshi matone bali hurusha petroli kama ukungu, mara nyingi jirani na ekzosi. Anayepandisha mlima Kitonga na mzigo, kwa mwendo mdogo na injini imechemka, hana haja ya kuelezwa zaidi.

Muuzaji huyo ana pia mpira uliovikwa wavu wa chuma, anaoutangaza kuwa una Tefloni ndani. Tefloni ni plastiki ngumu, yenye utelezi ukiigusa na isiyovutika. Wa kwake ukiuingiza ncha ya bisibisi inazama kwenye mpira wa kawaida. Kwa sehemu ya chini ya bodi anawashauri watu watumie bomba la shaba la friji, ushauri ninaouona mbaya kuliko yote, kwani shaba hukakamaa kwa mtikisiko na hatimaye hupasuka. Hapo panafaa bomba la chuma, au la mchanganyiko wa shaba na nikeli linalotumika pia kwenye breki, lililoshikiliwa kwa klipu mbali na ekzosi. Mpira ubaki kipande kifupi tu kati ya bodi na injini. Kipande kinachozama ndani ya tangi kinahitaji R10, maana ganda la nje la R9 halikukusudiwa kulowa petroli.

Linaloniudhi zaidi ni karatasi anayoitoa pamoja na mzigo, yenye muhuri, ikidai kwamba vifaa hivyo “vimethibitishwa kwa ukaguzi”. Hakuna muuzaji wa spea mwenye mamlaka hayo. Mkaguzi wa magari wa polisi huliangalia gari lenyewe, na mabadiliko ya injini huingizwa kwenye kadi ya gari kupitia Mamlaka ya Mapato, TRA. Karatasi ya dukani haina nafasi popote katika utaratibu huo. Mwenye Hilux alipodai fedha zake alijibiwa kwamba fundi ndiye aliyekaza klipu vibaya, kisha namba yake ikafungiwa.

Kwa hiyo usilipe kabla ya kukata kipande na kukiangalia ndani, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ambayo huyu huikwepa kila anapoombwa. Aliyekwisha kuufunga asiliwashe gari hadi aubadilishe, atunze kipande, ile karatasi na ujumbe wa malipo, kisha apeleke malalamiko polisi na kwa Tume ya Ushindani, FCC, ambayo hushughulikia bidhaa bandia.