Bareti ya GB 8 kwenye EliteBook 840 G1: ya kwanza ilikataa, ya pili inafanya kazi

Natumia HP EliteBook 840 G1 ya mtumba, niliyoinunua hapa Lubumbashi ikiwa na RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 4. Kwa kuandika barua inatosha. Fungua Chrome na faili kubwa la Excel kwa pamoja, uanze kusubiri. Nafasi ya pili ya RAM ilikuwa wazi, basi nikatafuta bareti, yaani kipande cha RAM, ya GB 8.

Dukani, mjini, nilitaja aina ya mashine. Kijana akanipa bareti: "Papa, hii inaingia kwenye laptopu zote za DDR3." Kuingia iliingia, tena ikabana vizuri. Ila mashine ikagoma: skrini nyeusi, taa ya Caps Lock inapepesa. Ukiitoa, inawaka na GB 4 zake kama kawaida.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja wa Kenya (mlio mbali, hiyo ni komini ya hapa hapa, si nchi). Kabla hajashika bisibisi alisoma vibandiko. Bareti ya zamani imeandikwa PC3L-12800S, mpya PC3-12800S. Herufi moja tu, L, na ndiyo iliyoleta shida yote. DDR3 ni aina ya RAM: ya kawaida inataka volti 1.5, DDR3L inatosheka na 1.35, na prosesa za Intel za kizazi cha nne za laptopu kama hii zimetengenezewa hiyo DDR3L. Zote zina pini 204 na umbo moja, kwa hiyo kuingia kwenye nafasi si ushahidi wa chochote. DDR4, kizazi kinachofuata, angalau ingekataa mlangoni. Ina pini 260.

Duka lilibadilisha bila ugomvi, ila kwa kuongeza pesa, jambo ambalo sikulipenda hata kidogo. Fundi alichomoa betri kwanza, akaweka bareti, kisha akanishauri nipime kwa MemTest86, programu ya kupima RAM, kutoka kwenye flashi. Niliiacha usiku kucha, usiku ambao umeme ulikubali kukaa. Haikuonyesha kosa hata moja.

Sasa Windows inasoma GB 12, pungufu kidogo zinazochukuliwa na grafiki. Kama Windows yako ni ya biti 32, okoa pesa zako: haitavuka GB 4.

Fundi nyota tano, duka mbili. Excel na Chrome sasa vinakwenda pamoja bila kukwama. Kuwaka bado inachelewa vile vile, maana hapo tatizo ni diski ya zamani, na RAM haiwezi kuitibu. Nakusanya pesa ya SSD, diski ya kisasa yenye kasi.