Gari la kifahari la milango miwili lenye gia za mkono: lipi linunuliwe kwanza na mkazi wa Dodoma

Magari ya kifahari ya milango miwili yenye gia za mkono ni machache katika yadi za Dodoma. Anayelitaka huletewa picha na dalali kwenye simu, hulifuata Dar es Salaam umbali wa kilomita 450 hivi, au huliagiza Japani au Uingereza, ambako usukani uko kulia kama kwetu. Uchache huo humtia mnunuzi hofu ya kupitwa, na kwa hofu hiyo hulipa kabla ya kukagua. Kwa hiyo nimeyapanga magari haya kwa kipimo ambacho matangazo ya kuuzia hayakitaji: likikuharibikia Jumatatu ukiwa mtaa wa Kisasa au Ilazo hapa Dodoma, litarudi barabarani siku gani? Kifaa kilichopo Gerezani, Kariakoo, kikipakiwa kwenye basi asubuhi kinakufikia jioni ya siku hiyo. Kifaa kinachopaswa kuagizwa Ulaya ni habari nyingine kabisa, na gari linaweza kulala gereji miezi likikisubiri.

Kabla ya kuchagua jina, piga hesabu ya kodi, kwa kuwa wengi huogopa ukubwa wa injini ilhali kinachouma zaidi ni umri. Kwa mpangilio tuliouzoea, gari lililotumika hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa injini inayozidi CC 1000 hadi CC 2000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, kisha nyongeza ya uchakavu ya asilimia 15 likiwa na miaka 8 hadi 10 au asilimia 30 likizidi miaka 10, na juu ya jumla hiyo yote VAT ya asilimia 18. Chukua gari ambalo TRA imelithaminisha kwa shilingi milioni 20 likiwa limefika bandarini, lenye injini ya CC 3700 na umri wa miaka 12. Kodi hizo peke yake ni milioni 21.3, kabla ya tozo ya reli na ada nyingine za forodha. Injini ingekuwa ya CC 2000, kodi ingekuwa kama milioni 19.8, lakini gari lilelile la CC 3700 lingekuwa na miaka 9, kodi ingeshuka hadi kama milioni 16.9. Viwango huguswa na bajeti ya kila mwaka, kwa hiyo hakikisha kwenye kikokotoo cha TRA, na ukumbuke kwamba thamani inayotumika ni ile ya kanzidata yao, si ya ankara uliyotumiwa na muuzaji wa Japani.

Karibu magari yote nitakayoyataja yameshavuka miaka 10, hivyo lile ambalo tayari lina namba ya Tanzania huwa nafuu zaidi, kwa sababu kodi hiyo ilikwisha kulipwa na mwingine. Tatizo ni kwamba mmiliki huyo wa kwanza, mara nyingi, ndiye aliyejifunzia gia za mkono humo.

Nafasi ya kwanza naipa Nissan Skyline Coupe, ambayo Marekani iliuzwa kwa jina la Infiniti G. Kizazi cha V35, ambacho toleo lake la milango miwili lilianza kuuzwa 2003, kina injini ya V6 ya lita 3.5 iitwayo VQ35DE, na kizazi cha V36 kilichokifuata kina VQ37VHR ya lita 3.7 yenye nguvu za farasi 333. Vyote viwili vilitolewa pia kwa gia sita za mkono, vinasukumwa na magurudumu ya nyuma, na ndani mara nyingi vina viti vya ngozi, pamoja na utulivu ambao haumchoshi dereva anayetoka Dodoma alfajiri na kuingia Dar es Salaam mchana. Hata hivyo sababu yangu kubwa ni Murano. Nissan Murano ya lita 3.5 imeenea nchini, na injini yake ni ya jina hilohilo la VQ35DE. Fundi wa Nissan aliyeko hapa mjini ameshaifungua injini hiyo, anaijua tabia yake, na plagi, koili na baadhi ya sensa zake hupatikana madukani, mradi ulinganishe namba ya kifaa kabla ya kulipa.

Kati ya vizazi hivi viwili, ningechukua V35 iliyotunzwa kuliko V36 isiyo na historia, na klachi ndiyo inayonipa uamuzi huo. Kwenye V36, silinda inayosukuma klachi imefichwa ndani ya gia boksi, ikiizunguka shafti. Ikianza kuvuja, pedali hushuka hadi sakafuni na kubaki huko, na hakuna namna ya kuifikia bila kushusha gia boksi nzima. Kwenye V35 silinda hiyo iko nje, fundi huifungua kwa spana akiwa amelala chini ya gari, na siku haijaisha unaondoka. Kwa hiyo muuzaji wa V36 aulizwe waziwazi kama silinda hiyo imewahi kubadilishwa, na kama haijabadilishwa, bei ipunguzwe kwa gharama ya silinda, sahani ya klachi na kazi ya kushusha gia boksi, kwa kuwa hakuna fundi mwenye busara atakayeishusha mara mbili. V36 za mwanzo zina pia gasketi za njia ya oili nyuma ya kava la cheni ambazo hupasuka na kushusha presha ya oili, hivyo presha ipimwe kwa geji injini ikiwa moto. Kwa V35, vuta kijiti cha oili mwenyewe, maana baadhi ya VQ35DE hunywa oili, na mmiliki asiyeangalia hujua pale injini inapogonga.

Nafasi ya pili ni BMW ya mfululizo wa 3 ya milango miwili, kizazi cha E46, yenye silinda sita zilizopangwa kwenye mstari mmoja: 325Ci au 330Ci. Zilizotoka Japani nyingi ni za otomatiki, kwa hiyo ya gia za mkono itafutwe zaidi Uingereza. Nasema kwa moyo wote kwamba usukani wake ni mtamu kuliko wa Skyline, na anayepita kona za milima ya Nyang'oro kwenda Iringa ataelewa ninachosema. Lakini joto ndilo adui yake. Tangi la maji, kizimba cha themostati na shingo za rejeta ni za plastiki, na plastiki iliyokaa miaka 20 karibu na injini hupasuka bila kuaga. Jambo la hatari zaidi ni mshale wa joto kwenye dashibodi: umetengenezwa ubaki katikati hata joto linapopanda kwa nyuzi nyingi, na unapoanza kusogea kuelekea kwenye nyekundu muda wa kuokoa silinda hedi huwa umebaki mfupi sana. Ukiinunua, badilisha rejeta, tangi, themostati, pampu ya maji na mipira yake vyote kwa pamoja kabla ya safari ya kwanza ya mbali, hata kama hakuna kinachovuja. Ukibadilisha kimoja kimoja, utasimama Gairo leo na Dumila mwezi ujao.

Liinue pia gari hilo na uangalie nyuma, pale fremu inayobeba difu (gia ya nyuma inayogawia magurudumu nguvu) inapofungwa kwenye sakafu ya bodi. Sehemu hiyo huchanika kwenye E46, na mpasuko huanza mdogo kama ufa wa kucha. Iliyokaa Uingereza ikaguliwe kutu kwa makini, kwa sababu barabara za huko humwagiwa chumvi wakati wa baridi. Ama 335i ya kizazi cha E92, yenye turbo mbili, siiweki kwenye orodha kabisa: pampu yake ya mafuta ya presha kubwa na nozeli zake ni ghali, pampu yake ya maji ni ya umeme na hufa ghafla, na yote hayo yanahitaji mashine ya kusoma hitilafu na mtu anayeijua kweli.

Toyota Soarer ya kizazi cha Z30, iliyoanza 1991, naiweka ya tatu kwa heshima. Ile ya lita 2.5 yenye turbo, injini 1JZ-GTE, ilipatikana na gia tano za mkono. Familia ya 1JZ inajulikana kwa fundi yeyote aliyehangaika na Brevis au Mark II, kwa hiyo injini haitakushinda. Kitakachokushinda ni mazingira yake: bawaba za milango mirefu ile zina viungo vingi na huchoka, vioo vya skrini za dashibodi hufifia, na kapasita ndani ya kompyuta ya injini huvuja na kula saketi. Ni gari la mwenye gari jingine la kwendea kazini kwenye ofisi za serikali za Mtumba.

Audi TT na Audi S5 ni nzuri kuzitazama, ila sijaona sababu ya kuzipendelea mbele ya BMW kwa mtu wa Dodoma. Porsche Cayman na 911 za gia za mkono zinapita zote nilizozitaja kwa raha ya kuendesha, na zinakuja mwisho hapa kwa sababu ya spea na utaalamu peke yake. Anayekubali kupunguza ufahari kidogo aangalie Toyota 86 ya 2012 na kuendelea. Ngozi na utulivu si vya kiwango cha Skyline, lakini nyingi zilitoka kiwandani na gia sita za mkono, injini ni CC 1998, na vijana wengi wa magari nchini wameanza kuifahamu.

Ukiagiza Japani, soma karatasi ya mnada yenyewe, si maelezo ya wakala. Kwenye nafasi ya gia, F5 au F6 humaanisha gia za mkono tano au sita, na daraja la R au RA humaanisha gari lililogongwa likatengenezwa. Gari lililotoka kiwandani likiwa otomatiki na kubadilishwa baadaye kuwa la gia za mkono liache kabisa, kwa kuwa nyaya na kompyuta yake huwa na viraka ambavyo fundi wa pili hawezi kuvifuatilia.

Kwenye ukaguzi, jambo la kwanza ni gari kuwa baridi. Nilimsindikiza rafiki kuangalia V35 mtaa wa Nkuhungu, tukafika saa moja na nusu asubuhi. Muuzaji alikuwa mchangamfu, gari limeoshwa, na alipotupa ufunguo niliweka kiganja juu ya boneti. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyotoka jikoni. Tuliendesha, gia zikaingia laini zote, rafiki yangu akawa tayari kwenda benki. Nilimwomba tusubiri, na kesho yake tukapita alfajiri bila kupiga simu. Injini ikiwa baridi, gia ya pili ilikwaruza kila alipoiingiza kutoka ya kwanza, sauti ya chuma kikisuguana na chuma. Vipete vinavyolinganisha mwendo wa gia vilikuwa vimekwisha, na oili ya gia boksi ikipata joto ilikuwa ikificha kasoro hiyo. Hatukulinunua.

Baada ya gia, pima klachi. Pandisha barabara ya kuelekea Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) ukiwa gia ya nne kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, kisha kanyaga mafuta hadi mwisho. Mshale wa mzunguko wa injini ukiruka juu huku mwendo ukibaki palepale, klachi inateleza. Kisha chukua futi ya kupimia na upime nafasi kati ya ardhi na sehemu ya chini kabisa ya gari, ukiwa na abiria wawili ndani. Chini ya sentimita 12, matuta ya vijiji vya barabara ya Morogoro yatakugharimu bampa na ekzosi, na anayekaa mtaa usio na lami ajiulize kama ataweza kutoka nyumbani kwake mwezi wa pili mvua zikiwa zimekata njia. Kama mmiliki aliyepita alikata springi ili gari likae chini, dai springi za asili au ondoka. Magurudumu ya inchi 19 yabadilishwe kwa ya inchi 18 yenye tairi za ukuta mnene kidogo. Kichungi cha hewa kifunguliwe pia, kwani kwa vumbi letu la kiangazi huziba mapema kuliko kitabu cha gari kinavyosema.

Kwenye makaratasi, jina lililo kwenye kadi ya gari liwe la mtu aliyesimama mbele yako akiwa na kitambulisho chake, na namba ya chesisi isomwe kwenye bodi, si kwenye nakala. Angalia madeni ya faini za barabarani kwa namba ya gari kabla ya kukubaliana bei, kwa sababu yatakufuata. Mkataba wa mauziano usainiwe mbele ya wakili, fedha zipite benki, na maombi ya kuhamisha umiliki TRA yaanze siku hiyohiyo mkiwa bado pamoja, muuzaji na simu yake mkononi. Bima iwe kubwa, tena uulize kwanza kama kampuni inakubali kulikatia bima gari la umri huo, kwani nyingine hukataa au hudai tathmini. Katika fedha ulizotenga, sehemu moja ya tano ibaki bila kuguswa kwa ajili ya oili zote, breki, tairi na klachi ya mwezi wa kwanza.