Mche upi ununue kwa ekari moja: mzabibu, msindano, msaipresi au mtarakwa

Mvua zinapokaribia, wenye mashamba madogo huanza kuulizia miche ya kudumu, na swali linalonifikia mara nyingi zaidi ni kama fedha waliyoiweka akiba iende kwenye mizabibu au kwenye misindano, yaani mipaina ya mbao. Mimea hii miwili haifanani hata kidogo. Mzabibu ni mmea unaotambaa, unaotaka nguzo, waya na mkono wa mtu mwaka mzima, ilhali msindano na jamaa zake ni miti inayojitegemea kwa miaka mingi ikishashika ardhi. Hata hivyo mnunuzi hulazimika kuilinganisha, kwa kuwa shamba ni moja na fedha ni ile ile, na anayekosea hagundui kosa lake hadi mwaka wa tatu au wa tano. Kwa hiyo sikuipanga miche hii kwa bei. Nimeipanga kwa kutazama kama mahali, maji na subira ya mnunuzi vinakubaliana na mche anaoununua.

Nafasi ya kwanza: mzabibu uliooteshwa kwenye kiriba (kifuko cha plastiki cha kitaluni)

Kwa mwenye shamba Dodoma au sehemu nyingine kame yenye chanzo cha maji cha uhakika, sioni mche unaoushinda mzabibu. Dodoma iko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,000, ina msimu mmoja wa mvua na kiangazi kirefu, na ukavu huo ndio unaopunguza ukungu kwenye vichala. Kwa kuwa hakuna baridi kali ya kuulaza mmea kama ilivyo Ulaya, mkulima mwenyewe ndiye anayeupangia mzabibu ratiba yake kwa kuupogoa, na ndiyo maana mashamba ya Hombolo na Mpunguzi huweza kuvunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya kwanza ya maana huanza kuonekana mwaka wa pili au wa tatu, na shamba lililotunzwa vizuri huendelea kuzaa kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kabla ya kuuliza bei, amua zabibu zako zitakwenda wapi. Makutupora nyekundu, Chenin Blanc na Syrah ni aina za mvinyo, na anayezipanda akitarajia kuziuza sokoni kama matunda ya kula mezani atasikitika. Zabibu iliyoiva haisubiri: ikikosa mnunuzi ndani ya siku chache huanza kuharibika. Nenda ukazungumze na wasindikaji, ujue wanahitaji aina gani na kwa masharti gani, kisha ndipo ununue miche. Kukausha au kukamua juisi ni njia nyingine, lakini nazo zinataka vifaa na maandalizi kabla ya msimu wa kuvuna.

Mzabibu huzalishwa kwa pingili, yaani vipande vya tawi, na mche unaotokana na pingili hurithi kila kitu kutoka kwa mama yake, yaani utamu, rangi na hata ugonjwa. Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapoumia. Niliwahi kununua pingili kando ya barabara nikihakikishiwa kuwa ni za zabibu nyekundu, na baada ya miaka miwili ya kumwagilia, kutia samadi na kufunga matawi kwenye waya, nusu ya shamba ikazaa matunda ya aina nisiyoijua, ambayo hakuna mnunuzi aliyeyataka. Tangu hapo sinunui mche ambao mwenye kitalu hawezi kunionyesha shamba mama. Kituo cha Makutupora cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) ni mahali pazuri pa kuanzia, kwa kuwa kazi yake hasa ni zao hili.

Ukifika kitaluni, chagua mche wenye shina la unene wa kalamu ya risasi na macho yaliyojaa. Geuza majani uangalie upande wa chini, maana ugonjwa wa ukungu uitwao ubwiri unga huonekana kama vumbi jeupe, na wadudu weupe wanaofanana na vipande vya pamba hujificha kwenye viungo vya shina. Mwombe muuzaji achane kiriba kimoja mbele yako. Mizizi yenye afya ni mingi, ina rangi ya krimu au kahawia isiyokolea, na haina harufu ya kuoza.

Gharama ambayo wanunuzi husahau ni ile ya baada ya mche. Ukipanda kwa nafasi ya mita 2 kwa 2, ekari moja inachukua miche kama 1,000, lakini nguzo, waya na mabomba ya umwagiliaji wa matone vitakula fedha nyingi kuliko miche yenyewe. Nguzo za mbao zisizotiwa dawa huliwa na mchwa mapema. Kisha kuna salfa ya kuzuia ubwiri, palizi, samadi, na upogoaji ambao hauwezi kuahirishwa. Ikiwa unaishi mbali na shamba na huna mtu wa kuaminika hapo, shuka moja kwa moja kwenye nafasi ya pili.

Nafasi ya pili: msindano

Msindano unaopandwa zaidi Mufindi, Njombe na Makete ni Pinus patula, mti wenye asili ya Mexico, na nyanda zile za juu zenye ubaridi na mvua ya kutosha zimeupokea vizuri, kama shamba la miti la serikali la Sao Hill linavyoonyesha. Ukipanda kwa mita 3 kwa 3 unahitaji miche kama 450 kwa ekari, na katika miaka miwili ya mwanzo, kabla kivuli hakijafunga, unaweza kuchanganya na maharage. Mbao nzuri zinataka subira inayofika miaka 20 na zaidi. Wengi hukata mapema kwa shida ya ada au ugonjwa, wakapata mbao nyembamba zenye bei ndogo. Faida yake kubwa ni kwamba mti uliosimama hauozi: bei ikiwa mbaya mwaka huu, unaweza kusubiri. Katika kipindi hicho cha kusubiri, baadhi ya wakulima hugema utomvu.

Tofauti na mzabibu, msindano huzalishwa kwa mbegu, hivyo swali la kumuuliza mwenye kitalu ni mbegu ilitoka wapi. Mbegu zilizookotwa chini ya mti wowote uliopinda huweza kuzaa miti iliyopinda. Vituo vya mbegu za miti vilivyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS) huuza mbegu zinazojulikana zilikokusanywa. Uliza pia kama udongo wa kwenye viriba ulichanganywa na udongo wa chini ya misindano iliyokomaa, kwa sababu mizizi ya msindano huishi kwa kushirikiana na kuvu fulani, na mche usio na kuvu hao hugeuka njano na kudumaa hata ukiwekewa mbolea. Mche wa sentimita 20 hadi 30 uliokwisha kuzoeshwa jua ni bora kuliko ule mrefu uliokaa kiribani kupita muda wake, kwani mizizi ya huo mrefu huwa imejizungusha chini kama kamba, na mti wake huja kuinama au kung'olewa na upepo.

Utunzaji ni palizi ya miaka ya mwanzo, kukata matawi ya chini, kupunguza miti dhaifu na kusafisha barabara za kuzuia moto kila kiangazi. Hilo la mwisho halina mjadala, kwa kuwa moto wa siku moja unaweza kuchukua kazi ya miaka kumi na mitano, na kisiki cha msindano hakichipui tena.

Nafasi ya tatu: msaipresi

Huu ninaupendekeza kwa ua wa nyumba katika maeneo ya baridi kama Lushoto, Arusha na nyanda za juu za Kenya. Ukatwe kidogo kidogo na mara kwa mara, kwenye majani mabichi tu. Mzabibu ukikatwa hadi kwenye shina lililokomaa lisilo na majani huchipua kwa nguvu. Msaipresi ukikatwa hivyo huacha pengo lisilozibika. Kagua miche kwa makini kwa ajili ya vidukari, kwa sababu aina moja iliyoripotiwa Malawi mwaka 1986 ilienea Afrika Mashariki na kuua misaipresi mingi.

Nafasi ya nne: mtarakwa

Mti wetu wa asili, unaokua polepole sana, na nguzo zake huvumilia mchwa kuliko miti mingi. Panda michache mpakani kwa ajili ya wajukuu, na uliza mapema taratibu za vibali vya kuvuna.

Walio pwani wanaoniuliza kuhusu misindano mara nyingi huwa wameona mvinje. Mvinje una majani membamba kama sindano, lakini hauhusiani na misindano, na kwa mchanga wa pwani ndio wa kununua kwa ajili ya nguzo na kuzuia upepo.

Mche wowote utakaouchagua, usafirishe ukiwa wima, umefunikwa turubai dhidi ya upepo wa barabarani, na umwagiliwe usiku kabla ya safari. Nunua kama mche mmoja wa ziada kwa kila kumi, ili uwe na wa kuzibia pengo kabla mvua hazijakatika.