Rufaa yangu Mahakama Kuu: nyota tatu na nusu

Niseme mapema, nilishinda nusu. Kesi yenyewe ya ukuta: jirani alidai nimejenga ndani ya mpaka wake, mahakama ya chini ikaamuru niubomoe na nimlipe fidia. Nikakata rufaa nikidhani nakwenda kusikilizwa upya.

Kumbe Mahakama Kuu husoma. Inasoma mwenendo wa kesi, yaani yale hakimu aliyoyaandika mashahidi wakisema, na vielelezo vilivyopokelewa, na hukumu. Nilisimama nikaanza kueleza jinsi shahidi wa jirani alivyodanganya. Jaji akaniuliza kwa upole, "Ukurasa wa ngapi?" Sikuwa nao. Nikachomoa ramani ya upimaji. Akasema haikutolewa kule chini, na ushahidi mpya kwenye rufaa hupokelewa kwa nadra, kwa ombi maalumu lenye sababu ya maana. Sababu yangu mimi ni kwamba niliisahau kabatini.

Sababu za rufaa nilikuwa nimeandika 11. Wakili aliyenisaidia kuziandaa akabakiza 2, nami nikanuna siku nzima. Moja ndiyo iliyoniokoa: hakimu alitaja kiasi cha fidia bila kueleza amekipataje. Hilo liko wazi kwenye hukumu, halihitaji kumwona shahidi usoni, na jaji akaitengua fidia yote. Ukuta je? Hakimu aliwaona mashahidi wakijibu maswali, akawaamini. Jaji aliyeletewa karatasi tu hakuona sababu ya kuingilia. Iliniuma, ila ningekuwa mimi jaji sijui ningefanyaje tofauti.

Jambo ambalo hakuna aliyeniambia: kukata rufaa peke yake hakusimamishi utekelezaji wa hukumu. Unaomba kando. Nilijua hivyo asubuhi mafundi wa jirani walipofika na nyundo, nikakimbilia mahakamani na kandambili miguuni. Zuio nililipata siku hiyohiyo, na kwa hilo nawapongeza.

Nyota ninazowanyima ni za masjala ya kule chini. Nakala ya mwenendo, kurasa 64, niliifuata safari tisa, na huku siku za kukata rufaa zinahesabiwa. Ombeni nakala kwa barua siku hiyohiyo hukumu inaposomwa, na mgongewe muhuri wa kupokelewa.

Ukuta tumeubomoa Jumamosi. Matofali nimeyachukua, hukumu haikuyataja.