Gia za baiskeli ya resi kwa milima: ununue ipi ukiwa Malindi

Malindi ni tambarare, na hapo ndipo mnunuzi anapodanganyika. Baiskeli ya resi ya mtumba yenye sproketi (magurudumu ya meno) za meno 53 na 39 mbele, yaani 53/39, na za meno 11 hadi 25 nyuma, yaani 11-25, huteleza vizuri kutoka mjini hadi Gede, na muuzaji ataisifu kwa mwendo huo huo. Ipeleke Kombani upandishe hadi Kwale, au Mwatate hadi Wundanyi kule Taita, na utashuka uisukume. Kwa hiyo usiulize gia nzito zaidi ni ipi. Uliza nyepesi zaidi ni ipi, kisha uhesabu meno mwenyewe. Kuchafua vidole kwa grisi hakugharimu kitu.

Hesabu ni hii: gawa meno ya sproketi ndogo ya mbele kwa meno ya sproketi kubwa ya nyuma, halafu zidisha kwa 2.1, ambayo ni mzingo wa tairi ya 700x25 kwa mita. Unapata umbali unaosogea kwa mzunguko mmoja wa pedeli. 39 kwa 25 ni kama mita 3.3. 34 kwa 28 ni mita 2.55. 34 kwa 34 ni mita 2.1.

Tofauti hiyo miguu inaijua. Chukua mlima wa asilimia 8, yaani unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, na mwendeshaji ambaye pamoja na baiskeli yake ana kilo 80. Akizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, gia ya 39/25 (39 mbele, 25 nyuma) inamtaka aende karibu kilomita 12 kwa saa na atoe wati 220 hivi. Kwa 34/34 anapanda kilomita 7.6 kwa saa kwa wati 140 tu. Wati 220 kwa nusu saa si kazi ya mtu wa mazoezi ya Jumapili. Akishindwa, mzunguko unashuka hadi 40, na mzigo wote unahamia magotini.

Nambari moja kwetu ni 50/34 mbele na 11-34 nyuma; 11-32 pia inatosha kwa aliye mwepesi. Usiogope kwamba tambarare utakosa mwendo: 50/11 kwa mizunguko 90 inakupa zaidi ya kilomita 50 kwa saa. Kusi ikikukabili uso kwa uso njiani kwenda Kilifi, 34 hiyo utaishukuru hata pasipo na mlima.

Ya pili ni 46/30 na 11-34. Kwa mtu mzito, mwenye mizigo, au mwenye magoti ya kulalamika, hii inaipita ya kwanza, kwani gia nyepesi inashuka hadi mita 1.85. Tumeiweka ya pili kwa sababu ya upatikanaji. Krenki (mikono ya pedeli na sproketi zake) kama GRX ya kampuni ya Shimano pia ina sproketi zilizosogezwa nje kwa milimita 2.5, kwa hiyo inataka kihamishi chake cha mbele. Cha kawaida cha barabara hakikai sawa.

Ya tatu inadharauliwa bure: sproketi tatu za mbele, 50/39/30, zilizojaa kwenye mtumba. Ukiwa na 27 nyuma unapata mita 2.3, karibu sawa na 34/32. Vijana wanaziona za wazee, na ndiyo maana bei yake hushuka.

52/36 na 11-30 ni ya anayeshindana kweli. 53/39 iache dukani.

Ukiwa tayari na baiskeli, usikimbilie kubadilisha krenki. Pima kwanza duara la boliti zinazoshika sproketi za mbele. Krenki ya mikono mitano ya milimita 130 haishiki chini ya meno 38. Ya 110 inashika 34. Watu wengi wamenunua sproketi ya 34 wakaishia kuitundika ukutani.

Njia rahisi ni nyuma. Habu (kitovu cha gurudumu) ya Shimano ya gia 8, 9 au 10 inapokea kaseti, yaani mafungu ya sproketi za nyuma, za 11-32 au 11-34 za baiskeli za milimani za idadi hiyo hiyo ya gia. Kaseti ya CS-HG700 ya gia 11, yenye 11-34, nayo inaingia kwenye habu hizo. Kwenye habu ya barabara ya gia 11 utaongeza washa (pete nyembamba) ya milimita 1.85 nyuma yake. Lakini kaseti ya gia 11 inataka swichi za kubadilishia gia za gia 11 na cheni yake.

Tatizo huwa mkono wa gia wa nyuma, ule unaohamisha cheni kutoka sproketi moja hadi nyingine. Mfupi wa zamani mara nyingi huishia meno 28. Dawa ya bei nafuu ni mkono mrefu wa baiskeli ya milimani wa Shimano wa gia 8 au 9, kama Alivio au Deore ya zamani: unafanya kazi na swichi za barabara za gia 8, 9 na nyingi za 10. Usichukue wa milimani wa gia 10, wala huo wa gia 8 au 9 usiuchanganye na swichi za barabara za Shimano Tiagra 4700, maana uvutaji wa waya ni tofauti na gia hazitakaa.

Baiskeli ya friwili, yaani fungu la sproketi za nyuma linalokazwa kwenye habu kwa uzi, haipokei kaseti. Tafuta friwili ya gia 7 ya 14-34, ukijua kwamba kutoka 24 inaruka moja kwa moja hadi 34. Habu za aina hiyo hupinda ekseli zikibebeshwa, kwa hiyo zungusha gurudumu uangalie kama friwili inayumba.

Sproketi ikikua, cheni nayo lazima ikue. Ipitishe kwenye kubwa ya mbele na kubwa ya nyuma bila kuipitisha kwenye mkono wa gia, kisha ongeza pingili mbili. Ikibaki fupi na ukakosea kuhamisha gia mlimani, itang'oa mkono pamoja na kipande kinachoushikilia kwenye fremu. Halafu kaza skrubu ya nyuma ya mkono mpaka kigurudumu cha juu kiwe milimita 5 hadi 6 kutoka sproketi kubwa. Kikigusa utasikia mkwaruzo kila ukipanda.

Chumvi ya bahari inakula kaseti nyeusi za bei ya chini haraka kuliko zenye rangi ya nikeli. Mwambie fundi apake grisi kwenye meno ya habu kabla ya kuvisha kaseti, la sivyo siku ya kuitoa mtaleta nyundo.