Programu za kuchapisha mitandaoni: ipi ulipie bila kufungiwa akaunti

Malalamiko yamekuwa mengi kutoka kwa wenye kampuni ndogo za utalii hapa Arusha na Moshi, kwamba akaunti ya Instagram waliyoikuza kwa miaka inafungiwa katikati ya msimu wa wageni, muda mfupi baada ya kununua programu ya kuchapisha na kujibu yenyewe. Wanunuzi huulizia bei. Mimi huuliza programu hiyo inaingiaje kwenye akaunti. Iliyo halali hukupeleka kwenye ukurasa wa Facebook au Instagram wenyewe, ambako unaorodheshewa ruhusa unazotoa, nazo unaweza kuzifuta siku yoyote kwenye mipangilio. Ya hatari hukuwekea visanduku viwili ndani yake, kimoja cha jina na kingine cha nenosiri, kisha huingia kwa jina lako kutoka kompyuta iliyo nchi nyingine, jambo ambalo mfumo wa Instagram huweza kulichukulia kama wizi. Instagress, iliyokuwa ikipenda picha na kufuata watu kwa niaba ya wateja, ilifungwa mwaka 2017 kwa matakwa ya Instagram.

Kwa kipimo hicho, ya kwanza ni Meta Business Suite, na upendeleo wangu siufichi: ni ya Meta, wenye Facebook na Instagram, haina ada, na inatosha kupanga asubuhi picha ya Kibo itakayotoka saa 3 usiku, wakati ambapo mwezi Julai New York ni saa 8 mchana. Ya pili ni Buffer, kwa anayehitaji pia LinkedIn; mpango wake wa bure hupokea akaunti 3, kila moja machapisho 10 yanayosubiri, na ukizidi hapo unalipia kila akaunti kwa dola, hivyo gharama hupanda shilingi inaposhuka. Hootsuite, iliyofuta mpango wake wa bure mwaka 2023, waachieni wenye mahoteli makubwa. Kwa kujibu wateja, WhatsApp Business inatosha. GB WhatsApp, nakala ya WhatsApp isiyo rasmi, usiiweke hata ukipewa bure.

Kinachonikera ni muuzaji mmoja wa mjini Arusha anayetoza ada ya kila mwezi kwa “mfumo wa kisasa” ambao, ukikaa pembeni yake akiutumia, unaona ni Meta Business Suite ile ile. Isitoshe, hujiandikisha yeye kuwa msimamizi mkuu wa ukurasa, na mteja akiacha kulipa hubaki kumbembeleza arudishiwe. Ukilazimika kumtumia mtu wa namna hiyo, udhibiti kamili ubaki kwa jina lako, naye apewe ruhusa ya kuchapisha tu.